Kumhamisha Mwalimu Si Adhabu: Acheni Muhali Juu ya Watoto Wetu



Leo hina na mitandio tunaviweka pembeni kidogo. Kuna jambo ambalo wengi wetu tunalijua. Tunalinong'ona kwenye vikao vya singo, tunalinong'ona kwa fundi tukisubiri kupimwa nguo, kisha tukifika mlangoni tunalimeza. Leo tunalisema kwa sauti, in shaa Allah, na atakayekasirika akasirike.

Mtoto akisema kuwa mwalimu wa chuo, mwalimu wa skuli, dereva wa gari ya watoto, mlinzi, mlezi wa nasari au fundi anayemfunza kazi amemfanyia jambo baya, taasisi nyingi hapa kwetu hukimbilia kulinda jina lao kabla ya kumlinda mtoto. Huita kikao. Humtuliza mzazi. Humwambia mfanyakazi aondoke kimya kimya. Kisha husema yamekwisha.

Sisi tunasema hayajakwisha. Yamehama tu. Yameingia shehia ya pili, kwa watoto wa wenzetu ambao hawakuambiwa kitu.

Tuelewane mapema. Hatuna ugomvi na vyuo vya Qur-ani wala na skuli zetu. Wengi wetu tumeijua alifu chuoni, na walimu wetu walitufundisha kwa malipo madogo, na wengine bila ya malipo yoyote. Allah awalipe kheri. Ndiyo maana tunaumia. Mahali palipo na amana kubwa kama hiyo hapastahiki kuachiwa mtu mmoja apachafue, halafu kamati nzima ikae kumfunika.

Kikao kinavyokwenda

Nyote mnakijua kikao hicho, hata kama hamkuwahi kukaa ndani yake. Mama anakwenda kwa mkuu wa chuo au kwa mwalimu mkuu, anatetemeka. Anaambiwa, "Mama, tulia, jambo hili tutalimaliza wenyewe." Jioni wanakaa wazee watano au sita. Mtoto wa miaka minane anaitwa katikati, na yule anayemtaja amekaa palepale mbele yake. Anaulizwa, "Unasema kweli? Unajua kuwa kusema uongo ni dhambi?" Wengine hufikia hata kumtaka mtoto aape juu ya Msahafu.

Jamani, mtoto gani atasema? Mtoto anaangalia chini. Analia. Anasema "sijui." Wazee wanatazamana, na hapo hapo "sijui" inageuzwa kuwa "amesema uongo." Ikiwa amejitahidi akasema yote, basi yanaingia maneno ya suluhu. Mwalimu ana watoto wake, mwalimu ni mtu wa watu, mwalimu alimfundisha hata babake. Wanasomewa dua, mzazi anapewa pesa za matibabu, mwalimu anaombwa atafute pengine. Pengine huko anakwenda na barua nzuri ya kumsifia mkononi.

Katika kikao chote hicho hakuna aliyempeleka mtoto hospitali. Hakuna aliyeandika tarehe. Hakuna aliyeuliza kama kuna watoto wengine. Wazee wale hawana nia mbaya wote, lakini wamefanya kazi isiyokuwa yao, na wameifanya vibaya. Mshono ulioachia hauzibwi kwa kupigwa pasi. Nguo itaonekana nzuri ikiwa imetundikwa, na siku ya kuvaliwa itapasuka palepale.

Muhali, aibu na sitara

Maradhi yetu sisi watu wa visiwani yana jina lake, nalo ni muhali. Huyu ni jirani, yule ni shemeji, huyu tumekula naye futari, yule ndiye aliyesimamia maziko ya bibi. Tunaoneana haya. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na sisi tumeifanya hiyo kuwa sheria ya kuendeshea vyuo, skuli na jumuiya zetu. Tumesahau kuwa wahenga hao hao walisema mficha maradhi kilio kitamfichua.

Na likitajwa neno la kuripoti, huletwa dini mbele kama ngao. Tuyachukue maneno hayo moja moja. Sisi si mashekhe, na wenye elimu watueleze zaidi, lakini haya tuliyofundishwa chuoni tunayakumbuka.

Wanasema Uislamu umeamrisha sitara. Kweli umeamrisha. Lakini sitara ni kwa mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Mtu anayeumiza watoto hana kosa la peke yake, ana mdai. Mdai huyo ni mtoto, na hakuna kamati iliyopewa haki ya kusamehe deni la mtoto. Mtume S.A.W. alitufundisha tumnusuru ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa yeye ndiye dhalimu, na alipoulizwa dhalimu atanusuriwa vipi, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Basi anayempenda mwalimu wake kweli amzuie. Kumtafutia chuo kingine si kumzuia.

Wanasema, "Mna mashahidi wanne?" Hili ndilo linalotuudhi kuliko yote. Sharti la mashahidi wanne limekuja kulinda heshima za watu, waumini wasitupiane tuhuma za zinaa ovyo. Leo linageuzwa kuwa kufuli la mdomo wa mtoto wa miaka saba. Mtoto aliyeumizwa hamtuhumu mtu zinaa. Anashitaki dhuluma aliyofanyiwa. Na sisi tunaoripoti hatutoi hukumu, tunapeleka shauri kwa wenye kuchunguza. Nani anayetenda jambo hilo mbele ya mashahidi wanne?

Wanasema Qur-ani imetutaka tuhakikishe habari kabla ya kuiamini. Ni kweli, ipo katika Suratul Hujurat, nasi tunaishika. Lakini kuhakikisha kuna watu wake na zana zake. Daktari anahakikisha. Mpelelezi anahakikisha. Hakimu anahakikisha. Wazee sita jioni moja chini ya mwembe hawahakikishi kitu, wanamtisha mtoto tu. Na katika Suratun Nisaa tumeamrishwa tusimamie uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sasa jina la chuo lina uzito gani mbele ya amri hiyo?

Kamati si polisi, wala si mahakama

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Taasisi yoyote yenye watoto, iwe chuo, skuli, nasari, nyumba ya mayatima au chumba cha kushonea, ina kazi nne tu pale tuhuma inapotokea. Kumsikiliza mtoto. Kumtenga mtuhumiwa na watoto, siku hiyo hiyo. Kuandika. Kuripoti nje. Basi. Kuchunguza nani mkosa si kazi yake, kwa sababu haiwezi kuwa mdaiwa na kadhi kwa wakati mmoja.

Kumsikiliza mtoto kuna adabu yake. Mwambie, "Nieleze kilichotokea," kisha nyamaza. Usimtilie maneno kinywani kwa kumuuliza, "Ni fulani, siyo? Alikushika hapa, siyo?" Usimuulize mara kumi, leo mkuu wa chuo, kesho kamati, keshokutwa sheha. Kila anapoulizwa upya maneno yanabadilika kidogo, mtoto ni mtoto, na siku ya kesi wakili wa upande wa pili atayapanga maneno hayo na kusema mtoto ni muongo. Mara moja, mtu mmoja mwenye upole. Mwambie hakukosa. Usimuahidi kuwa hutomwambia mtu, kwa sababu itabidi umwambie anayehusika. Ukitoka hapo andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, saa na jina lako.

Kumtenga mtuhumiwa hakuna maana ya kumhukumu. Ni kumuweka pembeni na watoto mpaka ukweli ujulikane. Anakaa nyumbani, na mshahara wake kama anao uendelee. Haonani na mtoto, hampigii mzazi simu, hatumi wazee kwenda kuomba radhi.

Kuripoti nje nako hakuna fumbo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kumdhalilisha mtoto ni jinai, na jinai huendeshwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, si mali ya mzazi wala ya mkuu wa chuo waikalie kikao na kuimaliza kwa kupeana mikono. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna maafisa wa ustawi wa jamii. Hospitali za Unguja na Pemba zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mtoto anaonwa na daktari, anapata ushauri na maelezo yake yanachukuliwa mahali pamoja, asizungushwe kutoka mlango mmoja kwenda mwengine. Tangu mwaka 2021 tuna mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Na ukishindwa kote, simu ya 116 ni ya bure, ni ya watoto na ya kila mwenye habari za mtoto anayeumizwa.

Na muda una thamani. Dawa ya kukinga maambukizi ya VVU hutakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Alama za mwilini hufutika. Kikao cha siku tatu cha "kulimaliza wenyewe" ndicho kinachomaliza ushahidi na kinga ya mtoto kwa pamoja.

Hapa mruhusuni watu wa nguo tuseme letu. Mama akisikia mtoto wake ameumizwa, jambo la kwanza linalomjia ni kumuogesha na kufua nguo zake. Anataka kuondoa ule uchafu. Tunamuelewa, lakini tunamuomba asifanye. Usimuogeshe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizokuwa amevaa usizifue, hata kanga aliyofungwa. Ziache zikauke kivulini ikiwa zina unyevu, kisha zitie kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake, uende nazo hospitali. Usitie kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu utafungika ndani, nguo itaota ukungu na alama zitaharibika. Nguo moja isiyofuliwa inaweza kusema kile ambacho mtoto ameshindwa kukisema.

"Na mwalimu aliyesingiziwa je?"

Swali hili ni la haki, na hatulikimbii. Wako waliosingiziwa, na heshima ya Muislamu ni kubwa. Lakini hebu tuulize, kikao cha siri kinamsaidia vipi asiye na kosa? Akiambiwa ahame kimya kimya, ataishi maisha yake yote na minong'ono nyuma ya mgongo wake. Hakuna karatasi inayosema ametakasika. Hakuna aliyemsikiliza. Mtu safi anahitaji uchunguzi wa kweli kuliko mtu mwengine yeyote, kwa sababu uchunguzi ndio utakaomsafisha. Anayefaidika na kikao cha siri ni mkosa peke yake.

Ndiyo maana tunasema pia na sisi wanawake tuache kupeleka majina ya watu kwenye makundi ya simu. Kutangaza jina la mwalimu kabla ya uchunguzi ni dhuluma, na kutangaza jina la mtoto ni dhuluma mara mbili. Habari iende kwa wanaohusika, iishie hapo. Kuripoti na kusengenya ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu ni hodari wa kile cha pili.

"Nani atamposa?"

Haya ndiyo maneno yanayofunga milango mingi kuliko vitisho vya kamati. Familia inanyamaza kwa sababu mtoto ni wa kike. Likijulikana, nani atakuja kumposa? Sisi tunaowashonea maharusi tunayasikia maneno haya tukiwa na pini mdomoni.

Tunasema hivi kwa mama wakwe, kwa mawifi na kwa wanaume wanaoposa. Msichana aliyedhulumiwa utotoni hakupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni aliyemdhulumu na waliomfunika. Tukiendelea kumhesabia mtoto aibu ya mtu mzima, sisi ndio tunaowapa wakosa kufuli na ufunguo. Wanajua familia itanyamaza, na wanachagua watoto kwa hesabu hiyo.

Na msidhani wavulana wamesalimika. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionesha kuwa kwa Zanzibar takriban wasichana 6 katika kila 100 na wavulana 9 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Wavulana, dada zetu, walizidi wasichana. Sisi tunamfunga binti mtandio, tunamsindikiza na kumpokea, halafu mvulana wa miaka tisa tunamuacha alale chuoni au abaki na mwalimu mpaka usiku kwa kuwa "yeye mwanamme." Na yeye akiumizwa ndiyo hasemi kabisa, anaogopa atachekwa.

Hata wakubwa wa dunia walifanya hivi hivi

Asije mtu akasema tunawasema Waislamu au tunawasema watu wa visiwani. Ugonjwa huu ni wa kila taasisi inayopenda jina lake.

Australia iliunda tume kubwa iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017 kuchunguza namna taasisi zilivyoshughulikia udhalilishaji wa watoto. Makanisa, skuli, nyumba za mayatima, vilabu vya michezo, zote ziliguswa. Watu zaidi ya 8,000 walikaa na tume faraghani wakasimulia yaliyowapata utotoni. Kwa wastani iliwachukua karibu miaka 24 kumwambia mtu. Miaka 24! Mtoto wa miaka kumi anasema akiwa na miaka 34. Na tume ilikuta tena na tena viongozi waliojua, wakamhamisha mkosa kutoka mahali hadi mahali, na kila alipokwenda kulikuwa na watoto.

Na mashirika ya misaada nayo, yale yanayokuja kutufundisha sisi, yamo. Mwaka 2018 dunia ilisikia habari za Oxfam ya Uingereza. Wafanyakazi wake waliokuwa Haiti baada ya tetemeko la 2010 walituhumiwa kununua wanawake. Shirika lilichunguza lenyewe mwaka 2011. Wapo waliofukuzwa, lakini mkubwa wao aliachiwa ajiuzulu, na baadaye akapata ukuu kwenye shirika jengine la misaada huko Bangladesh. Mwaka 2019 tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ikalilaumu shirika hilo, pamoja na kutofuatilia inavyotakiwa madai kuwa miongoni mwa waliodhulumiwa kulikuwa na watoto.

Wenzetu hao wamejifunza kwa aibu. Tangu 2019 mashirika mengi ya misaada yamekubaliana kuulizana. Kabla ya kumuajiri mtu unamuandikia muajiri wake wa zamani: je, aliwahi kupatikana na kosa la udhalilishaji? Je, aliondoka huku anachunguzwa? Ni swali dogo. Linahitaji karatasi moja. Kwa nini chuo kinachompokea mwalimu kutoka shehia nyengine kisiulize swali hilo hilo? Kwa nini Ofisi ya Mufti, Wizara ya Elimu na jumuiya zinazosimamia vyuo na skuli zisilifanye kuwa sharti? Na anayeandika barua ya kumsifia mtu anayemjua ana tuhuma nzito asiitwe mkarimu. Ameuza watoto wa watu kwa karatasi na muhuri.

Sisi wenyewe tunafanya nini?

Hatuna haki ya kuyadai haya kwa vyuo tukajisahau wenye biashara. Chumba cha cherehani chenye wasichana wanaojifunza kazi nacho ni taasisi. Saluni inayopokea watoto wa kusukwa ni taasisi. Sisi tumeandika karatasi, ipo ukutani karibu na kioo, kila mteja anaiona. Mtoto wa kike anapimwa na mwanamke, mzazi wake akiwepo. Mwanafunzi habaki peke yake na fundi, wala na mteja, baada ya Magharibi. Hatumi mtu mwanafunzi nyumbani kwa mwanamme kupeleka nguo. Na kuna jina la mtu wa kumwambia ukiona baya, na chini yake namba 116. Karatasi na sindano nne za ukutani, gharama yake haifiki bei ya yadi moja ya lesi.

Na nyinyi maharusi, mnaopanga mapazia na vyombo, pangeni na hili. In shaa Allah mtajaaliwa watoto, na mtawapeleka nasari, chuoni na skuli. Siku ya kuandikisha usiulize ada na sare tu. Uliza haya:

1. Mtoto akimlalamikia mfanyakazi, mnafanya nini siku ya kwanza? Akijibu "tunalimaliza wenyewe," mshike mtoto wako mkono mrudi nyumbani.
2. Ni nani hapa mtoto anaweza kumwambia, na je, kuna mwanamke kati yao?
3. Mwalimu mpya mnamuulizia alikotoka?
4. Kuna chumba ambacho mtoto anaweza kufungiwa na mtu mzima mmoja bila ya mtu kuona?
5. Mzazi akifika bila ya taarifa, anaruhusiwa kuingia?

Mwalimu mwema hatoudhika na maswali haya. Atafurahi. Anayeudhika ndiye wa kumtazama mara mbili.

Na kwa wale waliomo ndani ya kamati, wake za walimu, akina mama wa jumuiya: kikao kijacho kikiitwa, msikae jikoni kupika chai ya wazee. Ingieni ndani mseme, "Kabla hatujakaa, mtoto ameshapelekwa Mkono kwa Mkono?" Ikiwa bado, hakuna kikao. Hata mkibaki peke yenu upande huo, hata mkiitwa wachochezi, semeni. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na siku hiyo hatutoulizwa kama chuo kilibaki na jina zuri.

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu wa kike na wa kiume, wape walimu wetu wema heshima yao, waponye waliodhulumiwa wakanyamaza, na uwape ndimi zetu ujasiri pale muhali unapotuziba. Amin.

Maasalaam.